Mkimbiaji wa Dodoma kuhamia triatloni, kuna maisha huko au napoteza miguu bure?

kijana_wa_ntyuka:

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Naomba mnisome mpaka mwisho maana ni ndefu kidogo.

Mi nina miaka 22, naishi Ntyuka, nakimbia. Mazoezi yangu ni huku huku vilimani saa 11 alfajiri kabla jua halijaamka, jioni nashuka mpaka barabara ya Iringa. Kilomita 10 bora yangu ni 30:52 ya barabarani, nusu marathoni 1:08 na kitu. Mchana nipo na bamdogo shamba la zabibu Mpunguzi kwa hio msije mkasema huyu kazi hana ndo maana anaota.

Sasa ishu yenyewe. Kuna mama mmoja wa Kiholanzi alikuwa kwenye mradi wa maji huku, tulikuwa tunapishana barabara ya Iringa yeye na baiskeli yake mi na raba zangu mpaka tukazoeana, siku moja akaniambia yeye anafanya triatloni, yani unaogelea, unatoka unapanda baiskeli, unashuka unakimbia, hakuna kukaa chini hata kidogo. Kashamaliza Ironman, ile triatloni ndefu kabisa, mara 2. Akaangalia kasi yangu kwenye saa yake akaniambia we mbio tayari unazo, ukijifunza hizo mbili zilizobaki unaweza kuwa wa kulipwa kabisa ukazunguka dunia. Mwezi uliopita mkataba wake umeisha karudi kwao na ile baiskeli kaniachia mimi, bure. Nalala nayo chumba kimoja maana naogopa wezi, bamdogo anasema sasa umeoa.

Kuogelea sio kwamba sijui kabisa, nimekulia Mtera kwa babu mvuvi mpaka darasa la tano, maji siyaogopi.

Naomba kujua hii ni kazi kweli, watu wanakula kwa hii kitu au ni starehe ya wenye hela zao? Na niache mbio za kawaida nizame huku mazima au nichanganye? Bamdogo anataka nikaombe jeshi niendeleze riadha huko kama wengine. Mi moyo umeshahamia kwenye hii baiskeli siwadanganyi.

Kibaigwa_Boy:

Triatloni Dodoma 😂😂 mwanangu sisi huku maji tunayajua kwenye dumu. Ila hapo pa kulala na baiskeli umenifurahisha. Wataalamu wanakuja, mi nakaa hapa pembeni na karanga zangu.

fundi_spoku:

Kijana kabla hujaizunguka dunia niambie hiyo baiskeli usukani wake ukoje. Kama umejikunja kwenda chini mfano wa pembe za kondoo hiyo ni ya barabara ya kawaida, sawa. Kama kuna bomba mbili zimetoka mbele za kulalia viwiko hiyo ni ya masafa marefu ya kina Ironman, huko kila mtu anapambana na upepo wake mwenyewe, kujificha nyuma ya mwenzio ni kosa unapigwa adhabu. Kwenye zile fupi za Olimpiki watu wanaenda kundi wanavunjiana upepo, na hizo bomba ndefu kule hazikubaliki, mtu akianguka nazo katikati ya kundi anawachoma wenzie. Kwa hio baiskeli tu inaweza kukuchagulia njia.

Cha pili na hiki nakwambia kwa uchungu maana nimeshaziona 3 zimekufa hivi hivi. Usitie oili chafu ya gari kwenye mnyororo. Vumbi la Dodoma likikutana na ile oili inakuwa msasa, miezi miwili meno yote yamechongoka kama ya papa na spea hapa mjini hupati unaagiza, na ukiagiza uuze zabibu za msimu mzima. Futa mnyororo na kitambaa kikavu kila ukirudi, tia kidogo oili nyepesi ya cherehani, futa tena.

Tatu mbigiri. Ukitoka nje ya lami hata hatua mbili kukojoa, ibebe baiskeli begani. Sio utani. Na valvu zake zitakuwa zile nyembamba ndefu, pampu za mtaani hazishiki, kuna kikofia cha shaba unafunga juu ndo unajaza, njoo nitakupa kimoja.

Kuna kitu nilikiona kwenye video nikakaa nacho siku nzima. Wale jamaa viatu havivaliwi chini, vinakaa vimeshagandishwa kwenye pedeli, alafu wanafunga mpira mwembamba, ule ule wa kufungia noti, kutoka kisigino cha kiatu mpaka kwenye fremu ili kiatu kikae kimelala hakiburuzi. Jamaa anatoka majini anakimbia peku anaisukuma baiskeli, anaruka juu anakanyaga juu ya viatu, mpira unakatika pwa, akishachanganya kasi ndo anaingiza miguu mmoja mmoja. Nimejaribu mbele ya kibanda wateja wakanicheka nikaanguka na goti limechubuka mpaka leo.

kijana_wa_ntyuka:

Kaka asante sana. Ni ya pembe za kondoo. Oili ya gari nilishatia wiki iliyopita 😭 kesho nakuja.

fundi_spoku:

Uje nayo umeibeba.

mwalimu_wa_maji:

Habari mdogo wangu. Mi ni wa Tanga, nafundisha kuogelea watoto kwenye bwawa la hoteli moja hapa Dodoma mwaka wa 6 sasa, na triatloni nimefanya zile fupi kabisa mara 4 nilipokuwa nasoma nje, kwa hio nachosema nimekimeza na maji.

Yule mama hakukudanganya ila amekwambia nusu. Yeye anashindana na watu wa umri wake kwa raha yake, pale mbio nzuri inakusogeza mbele sana, unatoka majini wa 300 unawapita watu kama miti ya barabarani. Kwa wa kulipwa hesabu inageuka. Mtindo wa Olimpiki ni mita 1,500 majini, kilomita 40 baiskeli, kilomita 10 mbio. Wanaume wa juu hizo 1,500 wanamaliza kama dakika 17 au 18. Wanatoka wamejikusanya, wanapanda baiskeli kwa pamoja, kundi linaondoka kama treni. Wewe ukitoka dakika moja tu nyuma unalifukuza treni peke yako na upepo usoni na hulipati. Alafu kuna sheria watu wengi hawaijui, mashindano hayo ya juu baiskeli ni mizunguko, pale Paris 2024 ilikuwa mizunguko 7, ukizungukwa na wa mbele unatolewa. Umeelewa hapo? Hizo mbio zako unazojivunia hutozifikia, raba utazikuta zimepangwa vizuri hazijavaliwa.

Na kingine kinauma zaidi. Alex Yee wa Uingereza ndo alichukua dhahabu ya Paris, saa 1:43:33 jumla, kilomita 10 za mwisho kakimbia chini ya dakika 30. Akiwa ameshaogelea, ameshapiga baiskeli 40. Wewe 30:52 yako ni ukiwa umeamka umekunywa uji. Huyu Yee kwenye uwanja, bila maji bila baiskeli, mwaka 2018 alikimbia mita 10,000 kwa 27:51. London Marathon 2025 kamaliza kwa saa 2:11. Kwa hio usidhani kule ni kwa watu walioshindwa mbio.

Sikukatishi tamaa, nakwambia mlango uko wapi. Mlango ni maji. Angalia Mwafrika aliyepata medali ya Olimpiki kwenye huu mchezo, Henri Schoeman wa Afrika Kusini, shaba Rio 2016. Ametokea kwenye kuogelea, kaka yake Riaan kaenda Olimpiki kama muogeleaji kabisa. Au watu wanapenda kumtaja Chrissie Wellington, Mwingereza alikuwa anafanya kazi za maendeleo Nepal, kaanza kulipwa 2007 akiwa na miaka 30 na mwaka huo huo kashinda Ironman ya dunia kule Hawaii, jumla kachukua mara 4. Hadithi tamu. Wanachosahau kusema ni kwamba alikuwa anaogelea tangu chuo.

Kuogelea kwa Mtera nakujua, kichwa juu unaangalia mamba 😄 Nikuulize kitu, kaa chini nyoosha miguu alafu jaribu kunyoosha vidole vya miguu vielekee mbele kama mcheza dansi. Vinafika chini?

kijana_wa_ntyuka:

Dada shikamoo. Nimejaribu sasa hivi, vinaishia njiani, vinaangalia dari.

mwalimu_wa_maji:

Marahaba. Ndo ugonjwa wa wakimbiaji wote. Kifundo chako kimekaza kwa sababu ya kukimbia, kinafaa kusukuma ardhi, majini kinakuwa kama jembe. Unapiga miguu kwa nguvu zote na hauendi, kuna wengine nimeona wanarudi nyuma kabisa. Alafu mapaja mazito hayana mafuta, miguu inazama, mwili unasimama wima, unakuwa unasukuma maji kwa kifua. Nguvu unayo lakini inaishia kwenye povu. Njoo siku moja asubuhi kabla watoto hawajaja nikuone, hela ya kiingilio tutaongea na meneja.

mzee_wa_lapu_25:

Vijana salama? Nimewasoma wote. Mimi nilikuwa mkimbiaji, mita 10,000, ndio hilo jina, lapu 25. Nafundisha watoto hapa uwanjani jioni bila malipo.

Mjukuu wangu nisikilize vizuri. Kijana wa Singida hapo jirani, Alphonce Simbu, mzaliwa wa Ikungi, mtu wa jeshi, mwaka 2017 alichukua shaba ya marathoni ya dunia London, watu wakasema ndio mwisho wake. Miaka 8 imepita anakimbia tu, Septemba 2025 Tokyo anakuwa bingwa wa dunia, 2:09:48, sawa sawa na Mjerumani wa pili, wametenganishwa na picha, sehemu 3 za 100 za sekunde. Dhahabu ya kwanza ya nchi hii kwenye yale mashindano makubwa ya dunia ya riadha. Shirikisho la dunia linalipa dola 70,000 kwa dhahabu hiyo. Hakuwa na baiskeli, hakuwa na bwawa. Raba tu.

Sasa wewe unataka kuacha mchezo ambao makocha tunao, njia zake zinajulikana, unaenda kwenye mchezo ambao ukipasua tairi hakuna duka. Hiyo 30:52 yako ukienda Mbulu au Arusha utaona migongo ya watu, lakini una miaka 22 na unafanya kazi shambani, ina maana hujawahi kufanya mazoezi kamili hata mwaka mmoja. Hujui hata mbio zako zinaishia wapi na unataka kuzihama.

Na ukienda nje popote, mchezo wowote, soma unachosaini. Mimi kuna mbio za barabarani nilimaliza wa 4 nje ya nchi, meneja aliyenipeleka akachukua bahasha, akanipa nauli na raba mpya. Nikafurahia raba. Karatasi ilikuwa kwa lugha nisiyoijua na saini ni yangu.

Kibaigwa_Boy:

Mzee hapo pa raba pameniuma aisee.

dereva_transiti:

Oya nimekaa nawasoma hapa foleni mzani, hii mada naijua kwa bahati mbaya. Mi napiga Dar kwenda Goma kwa hio napita Dodoma, Singida, Rusumo, mpaka Rubavu kule mwisho wa Rwanda. Rubavu kuna Ironman 70.3 imeanza 2022, watu wanaogelea Ziwa Kivu. Siku moja nimefika nakuta barabara imefungwa, polisi hawataki kusikia chochote, gari nimeizima nikatoa kreti nikakaa kando ya barabara na chai yangu. Nikasema ngoja nione hawa wanaonichelewesha.

Hiyo 70.3 ni maili za jumla, kwa kilomita ni 1.9 majini, 90 baiskeli, 21.1 mbio. Kamili ni mara mbili, 3.8, 180 na marathoni nzima 42.2. Wa kwanza walipita hata sikuwaona vizuri, fyuu. Alafu pengo. Alafu wakaanza kuja wengine, wazungu wengi, Waafrika wapo, kuna jamaa mmoja baiskeli yake kama zile za kubebea magunia haina tofauti sana, anakanyaga meno nje. Wakati wa mbio ndo niliona maajabu, mtu anashuka kwenye baiskeli anatembea kama ametoka kuzaa, miguu haikunji, hatua kumi za kwanza unadhani ataanguka, alafu inafunguka anaanza kukimbia. Na wale waliokuwa nyuma kwenye maji wakaanza kula watu. Hapo hakuna kutolewa eti umezungukwa dada mwalimu, ukiwa ndani ya muda wa mwisho unaruhusiwa kumaliza na kila mtu na upepo wake. Kwa hio mi nadhani kijana huyu njia yake ni ndefu sio ya Olimpiki.

Kuhusu hela, nilisoma kwenye simu siku hiyo hiyo maana foleni ilikuwa ya masaa 6. Ubingwa wa dunia wa Ironman mshindi anakula dola 125,000. Lakini hiyo ni ya mmoja. Kwenye mbio ndogo ndogo wanalipwa watu wachache wa mbele basi, wa chini yao wanapewa medali na ndizi kama watu wengine.

mwalimu_wa_maji:

Dereva uko sawa, kwenye ndefu hakuna kuzungukwa na mkimbiaji anapata nafasi ya kurudisha. Ila na huko dunia imebadilika, wale wa mbele wanatoka majini pamoja na ukiachwa dakika 10 kwenye maji unahitaji baiskeli ya ajabu. Na gharama ndo inapanda huko, baiskeli za wa juu zinazidi dola 10,000, zidisha kwa shilingi uone kama hupati kiwanja Nzuguni na mabati juu.

Kuhusu wanaishije, maana kijana ndo swali lake la kwanza na tunalizunguka. Hela ya ushindi kwa wengi ni ya juu juu. Wanaishi kwa wadhamini, yani baiskeli, raba, vinywaji, na kwa nchi zenye hela shirikisho linawalipa kama mshahara. Kuna pia klabu, Ufaransa na Ujerumani wana ligi za triatloni za klabu wanawaita wageni kukimbilia jezi yao, unapewa nauli, pa kulala, na posho, kwa mtu wa daraja la pili au la tatu hiyo ndo kazi yenyewe. Mazoezi saa 25 mpaka 30 kwa wiki. Unaamka unaogelea, unakula, unapanda baiskeli, unakula, unalala mchana kama mtoto, jioni unakimbia, unakula tena. Sasa nani anakulisha miaka mitatu minne hiyo ukiwa bado hujashinda kitu? Zabibu za bamdogo?

Na huwezi kwenda tu ukajiandikisha na wa kulipwa, lazima shirikisho la nchi yako likutambue likuingize. Kwa hio kabla ya yote nenda BMT, lile baraza la michezo la taifa, au Kamati ya Olimpiki waulize chama cha triatloni ofisi iko wapi na nani anashika kalamu. Usimuulize mtu wa mtandaoni akakutumia namba ya kulipia leseni, utaliwa.

fundi_spoku:

Hivi hakuna ile isiyokuwa na maji? Nilisikia.

mwalimu_wa_maji:

Ipo kaka, duatloni, unakimbia, baiskeli, unakimbia tena. Ina ubingwa wa dunia wake, ile ndefu inayosifika ni Zofingen Uswisi, kilomita 10 mbio, 150 baiskeli, alafu 30 mbio, tena milima. Kwa Dodoma ndo inakaa kabisa. Shida yake haimo Olimpiki kwa hio serikali na wadhamini hawaitazami, watu wengi wanaipitia tu.

fundi_spoku:

Basi tuandae ya kwetu, Ntyuka mpaka Mpunguzi mnakimbia, baiskeli barabara ya Iringa, mnarudi kwa miguu. Zawadi mimi natoa tyubu mbili.

Kibaigwa_Boy:

Mi naja na karanga.

bamdogo_mwenyewe:

Nimetumiwa hii na mtu. Huyo ni kijana wangu. Hajaniambia kama amekuja kuniandika huku. Baiskeli ni kweli analala nayo. Mimi sijamkataza michezo, nilimwambia jeshi kwa sababu nataka awe na mshahara wakati anakimbia, wenzake wanaokimbia vizuri wengi nawaona wamevaa sare. Dada mwalimu hicho kiingilio cha bwawa ni shilingi ngapi.

mwalimu_wa_maji:

Shikamoo baba. Kwa siku ni elfu 10, lakini asubuhi kabla ya saa 2 nimeongea, hatalipa, atanisaidia kutoa majani bwawani na ule wavu.

bamdogo_mwenyewe:

Marahaba mama. Haya. Alfajiri asichelewe kumwagilia.

kijana_wa_ntyuka (wiki tatu baadae):

Wakuu nimerudi na ripoti, samahani kimya.

Bwawa lina mita 20. Siku ya kwanza dada alisema niogelee nivyojua anione. Nikaenda kama Mtera, kichwa juu, nimefika upande wa pili nahema kuliko kilima cha Ntyuka na moyo unadunda masikioni, mbio siku zote sijawahi kuhema vile kwa mita 20. Kuna mtoto wa kike sijui darasa la 3 yuko lini ya pembeni na kofia ya pinki, amenipita akienda, amenipita akirudi, alafu akasimama akaniuliza anko umechoka?

Wiki mbili sikuruhusiwa kuogelea kabisa. Nashika ukingo, nazamisha uso, napuliza mapovu, nageuza shingo navuta hewa pembeni, narudi. Nusu saa mapovu tu. Nilimwambia dada mi ni mwanaume mzima akasema basi puliza kama mwanaume mzima. Alafu kulala juu ya maji bila kupiga kitu, nikilala miguu inaanza kushuka taratibu kama nanga na yeye anashika kidevu anasema angalia sakafu sio mbele, angalia vigae. Siku niliyoangalia vigae kweli kweli, matako yakapanda yenyewe. Sijui nieleze vipi. Kama mtu kanifungua kamba.

Ijumaa amenipima mita 200, yani urefu wa bwawa mara 10. Dakika 5 na sekunde 40, nimeshika ukingo mara 3. Dada akachukua simu akapiga hesabu mbele yangu, kasi hiyo kwa 1,500 ni dakika 42 na nusu, yani pale Paris wakati mimi natoka majini kina Yee wanakaribia kumaliza mzunguko wa tatu wa baiskeli. Nimeshazungukwa hata helmeti sijavaa. Tulicheka mpaka mlinzi akaja kuangalia.

Kwa hio nimeamua hivi kwa sasa. Mbio siachi, mzee_wa_lapu_25 nimekuja uwanjani jumatatu ulinikuta nimevaa jezi ya bluu, amenipa programu na amekata hizi mbio zangu za kila siku kasi moja, anasema nilikuwa nachoka tu sifanyi mazoezi. Nataka mbio za NBC hapa Dodoma mwaka huu nione kama 29 inakuja. Fomu za jeshi zikitoka najaza, bamdogo tumeelewana. Baiskeli jumapili tu, fundi kanibadilishia mnyororo kwa mkopo. Na bwawa siku 3 kwa wiki kabla ya shamba. Dada anasema miaka miwili ya maji ndo tutajua kama kuna kitu, kabla ya hapo nisimwambie mtu mi mtu wa triatloni.

Yule mama wa Kiholanzi nimemwandikia nikamwambia 5:40. Amenijibu yeye 200 yake ya kwanza alimaliza kwa kutolewa.

mzee_wa_lapu_25:

Nimekuona. Raba zako zimeisha upande wa nje, njoo na za zamani nizione.

mwalimu_wa_maji:

Jumamosi saa 12 na nusu. Hiyo asubuhi hatuogelei 200, tunaogelea 20 mara 20, unapumzika ukingoni kila ukifika, na ukinyanyua kichwa mara moja tunaanza upya kuhesabu.

kijana_wa_ntyuka:

Sawa dada. Naomba nije na baiskeli nitokee nayo hapo moja kwa moja nijaribu kupanda nikiwa nimelowa. Ila pale getini mlinzi alisema ziachwe nje na mi nje siachi.

mwalimu_wa_maji:

Mwambie nimesema iingie. Utaiegemeza kwenye mpera, ukigeuza shingo kuvuta hewa utakuwa unaiona.

Kibaigwa_Boy:

😂😂😂 sasa hapo atapumua upande mmoja tu.